Mama ana Parkinson: kazi za nyumbani afanye saa ngapi?

Asubuhi mama anafagia uwanja vizuri, ikifika saa tano hata kanga hawezi kuifunga. Anadeka?

Hadeki. Parkinson huua taratibu seli za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayouwezesha mwili kujongea kwa wepesi. Levodopa, dawa anayomeza, huziba pengo hilo kwa saa chache tu; ikiisha nguvu, mikono hukakamaa tena. Kwa hiyo ratiba ya kazi ifuate saa ya dawa, si jua. Kuchambua mchele, kukata mboga na kuoga vingoje dawa ishike. Kwa siku chache andikeni saa aliyomeza, saa mwili ulipolegea na saa ulipokaza. Karatasi hiyo mpelekeeni daktari, huenda dozi ndizo zinazotaka kupangwa upya. Msizibadilishe wenyewe, na dawa isikatishwe ghafla.

Anaimeza na chai ya maziwa. Kuna ubaya?

Protini ya maziwa, nyama au maharage inaweza kuichelewesha dawa. Ameze kwa maji, nusu saa kabla ya kula. Dawa ikimtia kichefuchefu, mwambieni daktari.

Jikoni je?

Hapo ndipo ninapoogopa zaidi. Jiko la mkaa likiwa chini, anainama muda mrefu, kisha akiinuka presha inashuka na kizunguzungu kinampata juu ya moto. Lipandisheni juu ya matofali imara, apike ameketi. Sufuria ya maji ya moto asiinyanyue. Achote kwa upawa. Ndoo ijae nusu. Kanga isiburute, na mikeka ya njiani iondolewe. Mbuzi ya kukunia nazi, kwa maoni yangu, apewe mwingine: kile kiti ni kifupi mno kwa mtu anayepata taabu kuinuka.

Miguu inagandia mlangoni, sahani mkononi.

Msimvute. Asimame, ahamishie uzito mguu mmoja, kisha mwingine, ahesabu “moja, mbili, tatu” ndipo apige hatua. Utepe wa rangi kali sakafuni humsaidia, maana anakuwa na kitu cha kuvuka. Tena msimsemeshe akiwa anatembea na mzigo.

Basi tumwachishe kazi zote?

Hapana, mwili usiotumika huzidi kukaza. Nguo za kukunja mwekeeni mezani, akae kwenye kiti chenye mikono, na mtu asimnyang'anye eti kwa sababu gauni moja limemchukua dakika tano.