Nyufa nyembamba kwenye lipu mpya si lazima simenti imepunjwa

Mtwara na Lindi, lipu mpya ikitoa nyufa nyembamba kama unywele, wengi huamini fundi kapunguza simenti. Dhana ina mantiki, maana lipu dhaifu nayo hupasuka. Ila mara nyingi ni kinyume chake: simenti au maji yamezidi, au jua na upepo wa baharini vimekausha ukuta haraka mno. Lipu hunywea inapokauka, na yenye simenti nyingi hunywea zaidi. Ndoo 1 ya simenti kwa 5 za mchanga, kisha kumwagilia siku 7, hutosha kuta nyingi.

Pima mwenyewe. Kwaruza kwa msumari: ikimwagika unga kirahisi, hapo kweli lipu ni dhaifu. Gonga kwa sarafu: mlio wa debe tupu maana yake imeachia tofali, ibanduliwe, hasa darini, maana ikidondoka inaumiza mtu. Weka alama ya penseli kwenye ncha za ufa. Ufa ukizipita alama hizo baada ya wiki, usizibe bado.

Ufa ukitulia, baada ya wiki 4 hivi, upanue kidogo kwa ncha ya kisu (puti ya kuzibia haiingii kwenye ufa mwembamba kama unywele), futa vumbi, lowanisha, jaza puti, piga msasa, paka rangi.