Kinyesi cha nguruwe wa nje kinasema nini?

Kila mwaka mahindi yakishavunwa huku Mbozi na wilaya jirani za Nyanda za Juu Kusini, nguruwe waliofungwa kamba au kufungiwa bandani tangu mvua za kwanza huachiwa wakajitafutie. Wiki mbili tatu baadaye simu yangu haipumziki. Nguruwe wanahara.

Bwana mifugo, nasikia nguruwe wa nje haugui ovyo kama wa bandani. Ni kweli?

Nusu yake ni kweli. Anayechimba mizizi na kula majani anapata nyuzinyuzi, na bakteria wema wa utumbo mpana huzichachusha wakatoa tindikali zinazolisha ukuta wa utumbo. Mtoto wa nguruwe anayefukua udongo anapata pia madini ya chuma, yale ambayo mwenzake wa kwenye saruji huchomwa sindano akiwa na siku tatu hivi. Ila udongo huohuo ndio choo chake. Bakteria wa salmonela wa msimu uliopita anaweza kuwa bado yumo, hasa kwenye tope la kivulini.

Akihara, nitajuaje ni ugonjwa gani?

Kwa uhakika, ni maabara tu. Lakini mimi kabla sijauliza rangi ya kinyesi huuliza umri wa nguruwe.

Wa siku moja hadi nne, kinyesi cha majimaji cha manjano, mkia umelowa: mara nyingi ni E. koli. Bakteria huyu hujishikiza kwenye utumbo mwembamba na kutoa sumu inayovuta maji kutoka mwilini. Mtoto wa kilo moja na nusu ana maji kiasi gani ya kupoteza? Asubuhi anahara, jioni macho yamezama, ngozi ukiibana inabaki imesimama. Kama kuhara kumeanza na damu nyeusi ndani ya wiki ya kwanza na watoto wanakufa mfululizo, nashuku bakteria wengine, klostridia. Mbegu zake hukaa udongoni miaka na jua haziliogopi. Kwa huyu, kinga ni kumchanja mama kabla hajazaa.

Waliokwisha kuacha ziwa, kinyesi cha kijivu chenye kamasi na damu, nguruwe anakonda huku bado anakula kidogo: hiyo inafanana na kuhara damu kunakoletwa na bakteria aitwaye brakispira. Panya huubeba ugonjwa huo, kwa hiyo ghala lako la pumba nalo limo kwenye kesi. Na anayehara majimaji yenye harufu kali, ana homa ya nyuzi 40 na zaidi, masikio yamegeuka zambarau, anaweza kuwa na salmonela. Au ana jambo baya zaidi, nitalifikia.

Mtoto wa siku mbili ameanza kuhara. Nianze na nini?

Joto na maji, kabla ya dawa yoyote. Mtilie nyasi kavu, mkinge upepo. Chemsha maji lita 1, yakipoa weka vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, umpe kidogokidogo kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Asiachishwe kunyonya.

Kisha jiulize kama alipata dang'a. Nguruwe hazaliwi na kinga. Kinga ya mama haipiti kwenye kondo la nyuma, inapita kwenye maziwa ya kwanza, na utumbo wa mtoto hufunga mlango huo ndani ya saa 24 hivi. Jike aliyezalia kichakani usiku, watoto kumi na wawili, wawili dhaifu wakasukumwa pembeni: hao wawili ndio utakaoniletea kesho.

Dukani wameniambia nichome OTC, ile antibiotiki ya oksitetrasaiklini. Kuna ubaya?

Kuna ubaya mkubwa ukichoma kila anayehara. Minyoo haisikii antibiotiki, virusi navyo havisikii. Kinachobaki ni bakteria waliozoea dawa, na bakteria wema waliouawa bure. Uswidi ilipiga marufuku antibiotiki za kukuzia mifugo mwaka 1986, Umoja wa Ulaya ukafuata 2006. Sisi tunazinunua kama pipi. Afisa mifugo akikuandikia, maliza dozi na usubiri siku zilizoandikwa kwenye kichupa kabla ya kuchinja.

Nimewaachisha kunyonya, siku ya nne wote wanahara.

Wana umri gani? Wiki nne? Umewahi mno kwa chakula ulicho nacho. Tumbo la mtoto bado halitoi tindikali ya kutosha kuua E. koli, na umemwondolea maziwa, mama na mahali alipozoea kwa siku moja. Ngoja hadi wiki nane, umzoeshe chakula kikavu mapema, na siku hiyo mwondoe mama, watoto wabaki palepale.

Eneo langu ni dogo. Udongo nitaufanyaje?

Ligawe, hata kwa fito, sehemu moja ipumzike ikipigwa na jua huku umelima viazi au magimbi. Chombo cha maji kisogezwe kila siku chache. Tope linaloota hapo ndilo linalozungusha ugonjwa.

Sasa wanakufa hadi wakubwa.

Hapo acha kuwaza bakteria. Masikio na tumbo vyekundu, kuhara damu, wakubwa kwa wadogo wanakufa ndani ya siku chache: hiyo huenda ni homa ya nguruwe ya Afrika, ni virusi na haina tiba. Usichinje kuwahi hasara, usiuze kitimoto, usihamishe hata mmoja. Funga waliobaki na upige simu usiku huohuo.