Mtoto wa jicho harudi: ukungu unaokuja baada ya upasuaji

"Daktari, mtoto wa jicho kanirudia." Kliniki tunalisikia sana hili, hasa kwa wazee waliofanyiwa upasuaji mwaka mmoja au miwili nyuma, wakafurahi, kisha herufi za msahafu zikaanza tena kufifia. Wengine huchelewa kuja kwa sababu jirani kawaambia upasuaji haukufaa.

Mtoto wa jicho harudi. Lenzi iliyoharibika imeshatolewa, na ya plastiki iliyowekwa haipatwi na maradhi yale. Lenzi ya asili hukaa ndani ya mfuko mwembamba mno, na daktari huuacha mfuko huo makusudi ushike lenzi mpya. Chembe hai zilizobaki pembezoni huota taratibu, zikatambaa nyuma ya lenzi, na utando wa mfuko huo, uliokuwa mwangavu, ukaingia ukungu. Kwa mtu mzima huchukua miezi hata miaka. Kwa watoto huwa haraka, na mtoto mdogo hatolalamika, kwa hiyo wazazi wasikose siku za kliniki.

Tiba yake ni leza. Unatiwa matone ya kupanua mboni, unaegemeza kidevu kwenye mashine, na mwanga unatoboa tundu dogo katikati ya utando. Hakuna kisu wala nyuzi, na ni kazi ya dakika chache. Wengi huona vyema siku hiyohiyo au baada ya siku chache. Uwe Makunduchi kule Unguja au Micheweni kule Pemba, anzia kituo cha afya uombe rufaa. Miwani ya sokoni haitoondoa utando.

Si kila ukungu ni utando, lakini. Ukiona mimweko ya mwanga, vidoa vyeusi vingi vya ghafla, au kivuli kinachofunika upande mmoja mithili ya pazia, huenda retina, ile ngozi nyembamba ya ndani nyuma ya jicho inayopokea mwanga, inabanduka. Haiumi, ndiyo maana watu husubiri. Hatari ni kubwa zaidi kwa wasioona mbali bila miwani mikali, na kwa waliopasuliwa wakiwa vijana. Nenda siku hiyohiyo. Usingoje Idi ipite. Jicho jekundu lenye maumivu nalo lipelekwe, hata kama miezi imepita, kwani maambukizi huweza kuchelewa.

Na yale matone mliyopewa baada ya upasuaji? Mengi yana steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe. Ukiyatumia kiholela kila jicho likiwasha, presha ya jicho huweza kupanda na kuua mshipa wa kuona, na mshipa huo ukifa hauponi kwa leza wala kwa kisu. Chupa iliyobaki tangu mwaka juzi itupeni.