Ukivuka Garsen si pori tupu

Hapa Malindi tumekua tukiambiwa kwamba ukishavuka Garsen hakuna watu tena, ni pori tupu hadi Lamu. Si kweli.

Garsen yenyewe iko kando ya Mto Tana, ambako Wapokomo hulima mpunga na migomba, na Waorma huja kunywesha ng'ombe. Mbele iko Witu. Katika karne ya 19 hapo palikuwa na usultani wa Ahmed Simba, wa ukoo wa Nabahani uliotawala kisiwa cha Pate, na kuanzia 1885 hadi 1890 Wajerumani waliuweka chini ya himaya yao. Pori gani hilo lenye sultani? Karibu na Witu kuna Pandanguo, kijiji cha Waboni, warina asali hodari. Kisha Hindi na mashamba yake.

Uvumi una chanzo, lakini. Kuna miaka mabasi yalikwenda kwa msafara wa polisi, na mwishoni mwa 2023 mafuriko yaliikata njia. Abiria hufunga pazia, akalala, akaamka Mokowe. Lami inaishia hapo. Lamu mjini unavuka kwa boti, mzigo magotini.