TB ya Mapafu Inapochachamaa Baada ya Kuanza ARV

Mgonjwa mwenye VVU ana TB ya mapafu, na CD4 zake, yaani chembe za kinga ya mwili, hazifiki 50. Dawa za TB zimempoza: homa imeshuka, chakula kinapita. Wiki ya pili anaanzishiwa ARV. Siku kumi baadaye homa inarudi, kikohozi kinazidi, tezi za shingoni zinavimba, na eksirei inaonekana mbaya kuliko ya kwanza. Nyumbani watasema dawa zimemkataa. Hapo ndipo wengi huacha kumeza, na ndilo kosa ninaloliogopa kuliko yote.

Mara nyingi, kilichotokea ni kwamba kinga imeamka. VVU vikifubazwa, CD4 hupanda upesi na kukuta mapafu yamejaa bakteria wa TB, walio hai na mabaki ya waliokufa. Zinawashambulia wote kwa pamoja, na uvimbe wa vita hiyo ndio unaoumiza mapafu. Kwa kawaida huanza kati ya wiki ya kwanza na ya nne ya ARV, na huweza kuchelewa hadi miezi mitatu.

Hakuna kipimo kimoja cha kuthibitisha kwamba ni kinga iliyoamka, kwa hiyo ondoa kwanza mengine: dozi zilizorukwa, nimonia, saratani ya Kaposi, na hasa usugu wa rifampisini, dawa kuu ya TB. Ukirudia GeneXpert, kipimo cha makohozi kinachosoma vinasaba vya TB, kumbuka kwamba hunasa hata bakteria waliokufa. Kuonekana kwa TB peke yake hakumaanishi dawa zimeshindwa. Tazama jibu la usugu, kisha otesha makohozi maabara kuona kama kuna bakteria walio hai.

Dawa za TB na ARV zinaendelea zote. Anayetumia dolutegravir, mojawapo ya ARV, pamoja na rifampisini anahitaji miligramu 50 za dolutegravir mara mbili kwa siku. Hili husahaulika mno. Uvimbe ukiwa mkali, mpe prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe, miligramu 1.5 kwa kila kilo kwa siku, wiki mbili, kisha nusu yake wiki mbili. Mwenye kilo 60 atapata 90, halafu 45. Pima sukari, na usiitoe penye Kaposi.

Njia ya kuzuia mapema pia ipo. Utafiti wa Afrika Kusini uliochapishwa 2018, kwa wagonjwa wenye CD4 zisizozidi 100, ulitoa prednisoni, dawa ya jamii hiyohiyo, miligramu 40 kwa siku 14, kisha 20 kwa siku 14, kuanzia siku ya kuanza ARV. Waliopata tatizo hili walikuwa asilimia 32.5, dhidi ya 46.7 waliopewa vidonge visivyo na dawa.

Anayehema kwa shida hata akiwa ametulia apelekwe hospitali yenye oksijeni siku hiyohiyo, na mfuko wake wa dawa zote.