Je, wajua kwa nini Kariakoo inaitwa Kariakoo?

Si jina la kabila, si la mti, wala si la mzee aliyewahi kuishi hapo. Kariakoo ni jina la jeshi. Katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walikuwa na kikosi cha wapagazi kilichoitwa Carrier Corps. Herufi mbili za mwisho hazitamkwi, hivyo masikio ya watu yalipata "keria ko", na midomo ya Dar es Salaam ikalimalizia: Kariakoo. Nairobi nako kikosi hichohicho kiliacha jina, Kariokor.

Eneo lenyewe lilikuwa shamba la minazi. Wajerumani, utawala wao ukielekea ukingoni, walipanga kulifanya makazi ya Waafrika, wakachora mitaa iliyonyooka mbali na nyumba za Wazungu kule pwani. Vita ikawakatiza. Waingereza walipouteka mji Septemba 1916, wapagazi wakapigishwa kambi hapo.

Watu hao ndio walioibeba vita ile, na nasema kubeba kwa maana yake kamili. Barabara za magari zilikuwa chache mno, na mbung'o waliwamaliza farasi na nyumbu. Unga na risasi vikaenda vichwani na mabegani mwa watu, wengi wao wakiwa wamechukuliwa vijijini kwa nguvu. Walikufa kwa makumi ya maelfu, na kilichowaua zaidi ni kuhara, malaria na njaa. Sanamu ya Askari pale Posta, iliyozinduliwa mwaka 1927, inawataja wapagazi kwenye maandishi yake, lakini aliyesimama juu ni mwenye bunduki. Kwangu mimi, ukumbusho wao hasa ni mtaa huu unaotajwa na makonda kutwa nzima.

Na si jina hilo tu. Siku ukipita huko, inua macho usome vibao. Tandamuti, Narung'ombe, Mahiwa: kote huko kulipiganwa mwaka 1917, kusini, upande wa Kilwa na Lindi. Mapigano ya Mahiwa, Oktoba mwaka huo, yalikuwa miongoni mwa yaliyomwaga damu nyingi zaidi katika vita ya Afrika Mashariki. Leo tunaelekezana kwa majina hayo tukitafuta duka la viatu.

Kambi ilipokwisha, watu wakajenga. Nyumba ya Kariakoo ya zamani ilikuwa ya miti na udongo: ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, uani jiko na choo, mbele kibaraza. Mwenye nyumba alipangisha chumba kimoja kimoja, basi Mzaramo, Mmanyema na Mnyamwezi wakachota maji uani pamoja na jioni wakakaa kibaraza kimoja. Serikali ya kikoloni iliuacha uwanja wa Mnazi Mmoja wazi ili kuwatenga na Uhindini. Ng'ambo hiyo waliyosukumiwa ndiko mambo yalikochemkia. Yanga ilianzishwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, na hadi leo klabu zao ziko Jangwani na Msimbazi. Abdulwahid Sykes, aliyekuwa msimamizi wa soko la Kariakoo, alikuwa miongoni mwa waasisi wa TANU, chama kilichozaliwa tarehe 7 Julai 1954 katika mtaa ambao sasa ni Lumumba.

Soko kubwa tunalolijua lilifunguliwa mwaka 1975, kazi ya msanifu wetu Beda Amuli. Paa lake ni kama miavuli iliyopinduliwa, inayokusanya maji ya mvua. Moto uliliunguza Julai 2021, na walioumia zaidi ni wafanyabiashara waliokuwa na mali yao yote ndani.

Nyumba za vibaraza karibu zote zimepisha maghorofa, chini fremu za maduka, juu stoo na vyumba vya kuishi. Wateja wanatoka hadi Kongo, Zambia na Komoro. Lakini lori likifika karibu na Mtaa wa Kongo haliwezi kupenya msongamano, kwa hiyo marobota yanashushwa, na safari iliyobaki yanaimaliza kwenye mkokoteni au begani mwa mtu.