Lugha "iliyokufa" inayosomwa chuo kikuu: dhana potofu kuhusu Wamyaamia wa Ohio

Miami University haiko Miami. Iko Oxford, mji mdogo wa jimbo la Ohio, na ilianzishwa mwaka 1809, wakati jiji la Florida tunalolijua kwa ufuo na starehe halikuwapo hata kama kijiji. Chuo kilichukua jina la Wamyaamia, wenyeji wa bonde la mto Wabash na nchi inayolizunguka, katika majimbo ya leo ya Indiana na Ohio. (Jiji la Florida lina asili nyingine kabisa: Wamayaimi wa Ziwa Okeechobee.) Leo vijana wa Kimyaamia wanasoma chuoni hapo lugha, historia na utamaduni wa wazee wao. Habari hiyo ikitufikia huku kwetu, huja na mawazo mengi yasiyo sahihi.

"Hao watu walishaisha. Kinachosomwa ni mambo ya makumbusho."

Waliondolewa, hawakuisha. Baada ya vita na Mkataba wa Greenville wa mwaka 1795, sehemu kubwa ya Ohio ilitoka mikononi mwa wenyeji. Oktoba 1846 wanajeshi waliwapakia Wamyaamia kwenye mashua za mfereji huko Peru, Indiana, wakapelekwa Kansas, na baadaye wakasukumwa tena hadi Oklahoma. Familia chache ziliruhusiwa kubaki Indiana, na vizazi vyao vipo huko mpaka leo. Kabila la Miami la Oklahoma lina serikali yake, chifu wake na baraza lake, na wanachama wake ni maelfu. Wengi wanaishi katika nyumba za kawaida na wanafanya kazi za kawaida. Anayewatafuta kwa manyoya kichwani atapishana nao dukani asiwajue.

"Chuo kiliwakumbuka wenyeji, kikawarudishia lugha yao."

Dhana hii ndiyo inayonikera kuliko zote, kwa sababu inageuza mgeni kuwa mwenyeji. Chuo kilibeba jina la watu hawa kwa zaidi ya miaka 160 bila uhusiano wowote wa maana nao. Mwaka 1972 Chifu Forest Olds ndiye aliyefika chuoni, tena bila kualikwa, na uhusiano ukaanzia hapo. Haukuwa laini. Timu za michezo za chuo ziliitwa kwa jina la kuwadhihaki wenyeji kwa rangi ya ngozi. Mwaka 1996 kabila lilisema haliliungi mkono tena jina hilo, na mwaka uliofuata likaachwa. Wanafunzi wa kwanza wa Kimyaamia waliosomeshwa kwa mpango maalumu walikuwa wameingia mwaka 1991.

Mradi wa Myaamia, wa kuhuisha lugha na utamaduni, ulianza chuoni hapo mwaka 2001, ukawa Kituo cha Myaamia mwaka 2013. Kituo kiko ndani ya chuo, lakini hutumikia mahitaji ya kabila. Utafiti unaofanywa pale unakwenda Oklahoma na Indiana, kwenye kambi za watoto za kiangazi na kwenye mikusanyiko ya familia.

"Lugha ikikosa msemaji imekwisha."

Hapa pana mengi. Wasemaji wa mwisho waliokimudu Kimyaamia tangu utotoni walifariki katikati ya karne ya 20. Wenyewe husema lugha ililala, na wana haki ya kusema hivyo, maana iliacha maandishi mengi ajabu. Wamisionari Wajesuti wa Kifaransa walioishi na Wailinoi, watu wanaozungumza lahaja za lugha hiyohiyo, waliandika kamusi nene kwa mkono mwishoni mwa karne ya 17 na mwanzoni mwa karne ya 18. Moja ina kurasa karibu 600. Nyingine ilikaa katika hifadhi ya Wajesuti huko Quebec, wataalamu wasijue ipo hadi mwaka 1999. Kuanzia miaka ya 1890 watafiti kama Albert Gatschet na Jacob Dunn waliandika pia maneno na hadithi kutoka kwa wazee waliokuwa bado hai.

Karatasi hizo hazisomeki kirahisi. Wafaransa waliandika walichodhani wamesikia: irabu ndefu na fupi hawakuzitofautisha sawasawa, na pumzi ya "h" kabla ya konsonanti mara nyingi iliwapita. Mwanaisimu David Costa alilinganisha maandishi hayo na lugha dada, kama Kiojibwe na Kifox, ili kujua neno lilitamkwaje, na tasnifu yake ikakamilika mwaka 1994. Miaka hiyohiyo Daryl Baldwin, Mmyaamia mwenyewe, alikuwa akijifunza lugha kutoka kwenye karatasi na kuwafundisha watoto wake nyumbani. Baadaye alisomea isimu, akawa mwanzilishi wa kituo, na mwaka 2016 alipewa tuzo ya MacArthur, mojawapo ya tuzo kubwa za Marekani. Kazi ilianzia mezani kwa familia. Tuzo ilikuja watoto wakiwa wakubwa.

Mswahili anayeanza kukisoma ana nafuu mahali pamoja. Nomino za Kimyaamia zina ngeli mbili, ya vyenye uhai na ya visivyo na uhai, na kitenzi hufuata ngeli. Aliyezoea kusema "kiboko amelala", si "kiboko kimelala", hatapata taabu kuielewa sheria hiyo. Taabu itaanza akiona jinsi kitenzi kimoja kinavyobeba sentensi nzima. Ingawa hata hapo, "hatutawaandikia" si neno dogo.

Je, kinachosemwa leo ni kilekile cha mwaka 1800? Hapana, na hakuna lugha inayosemwa leo kama ilivyokuwa wakati huo.

"Anayesoma hayo atakosa kazi."

Hoja hii inadhani mwanafunzi anachukua shahada ya Kimyaamia. Sivyo. Kijana anasomea uhasibu, biolojia, ualimu au chochote alichochagua, na pembeni yake kila muhula anakaa darasa la urithi na wenzake wa kabila. Madarasa hayo, yaliyoanza mwaka 2003, huzunguka kwa miaka mitatu: ardhi, mimea na historia, kisha lugha na utamaduni, kisha masuala ya sasa, pamoja na mamlaka ya kabila kujitawala. Mwaka wa nne mwanafunzi hufanya mradi wake. Tangu madarasa hayo yaanze, wanaohitimu miongoni mwao wameongezeka sana.

"Maarifa ni ya wote, basi kila kitu kiwe wazi."

Kamusi iko wazi kwenye intaneti, mtu yeyote anaweza kuifungua. Madarasa ya urithi ni ya vijana wa kabila. Na yapo mambo yenye wakati wake: hadithi za kale husimuliwa majira ya baridi, ardhi ikishaganda, na hunyamazishwa na radi ya kwanza ya masika. Sisi tulioonywa utotoni kwamba anayetamba hadithi mchana ataota pembe hatuna sababu ya kushangaa.

"Hayo ni ya Wamarekani, hayatuhusu."

Kituo cha Myaamia kimesaidia kuendesha mafunzo yanayowafundisha watu wa jamii nyingine kusoma maandishi ya lugha zao katika hifadhi za kumbukumbu. Kenya wapo Wayaaku wa msitu wa Mukogodo, ambao katika karne ya 20 walihamia kwenye Kimaasai, na wazee wanaokumbuka Kiyaaku ni wachache mno. Katika miaka ya 1970 mtafiti Bernd Heine aliandika maelezo ya sarufi na msamiati wake. Aliyaandika kwa Kiingereza, kwa hiyo kijana wa Kiyaaku anayekisoma Kiingereza anaweza kuanzia hapo.